Andy Razaf na Maneno ya Nyimbo za Harlem



Mwezi Agosti 1890 Uingereza na Ufaransa zilipatana juu ya visiwa viwili vya Bahari ya Hindi ambavyo havikuwa mali yao. Ufaransa ilikubali kwamba Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Mwingereza. Uingereza nayo ikakubali kwamba Madagaska, ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Bukini, iwe chini ya Mfaransa. Malkia Ranavalona wa Tatu, aliyekuwa akitawala kutoka Antananarivo, hakuwapo kwenye meza hiyo. Miaka mitano baadaye Ufaransa ilipeleka jeshi kudai kile ilichokwishaandikiwa na Mwingereza. Ninaanza na mkataba huo kwa sababu mtu ninayemzungumzia leo asingezaliwa Marekani kama usingekuwapo. Aliandika maneno ya nyimbo ambazo dunia nzima imezicheza, na walio wengi kati yetu tumezisikia bila kulijua jina lake.

Babu yake mzaa mama, John Lewis Waller, alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri mwaka 1850. Utumwa ulipofutwa alisoma, akawa mwanasheria na mtu wa magazeti huko Kansas, akakifanyia kazi chama cha Republican. Mwaka 1891 Rais Benjamin Harrison alimteua awe balozi mdogo wa Marekani nchini Madagaska, mjini Tamatave, ambao leo ni Toamasina. Waller aliitambua serikali ya Malkia kuwa ndiyo serikali halali, na Wafaransa hawakumsamehe kwa hilo. Muda wake ulipokwisha mwaka 1894, serikali hiyo ilimpa ekari 150,000 kusini mwa kisiwa, upande wa Fort Dauphin. Nia yake ilikuwa kuwaleta Wamarekani Weusi waje kulima na kuishi bila kunyanyaswa. Mtu aliyezaliwa mtumwa Missouri alikuwa ameshika hati ya ardhi ya Kiafrika aliyopewa na malkia Mwafrika. Katika habari zote za karne ile ninazozijua, hii ni mojawapo ya zile zinazonigusa zaidi.

Haikudumu. Mwezi Machi 1895 Wafaransa walimkamata kwa madai kwamba katika barua zake alimpa adui habari za kijeshi, wakampeleka mbele ya mahakama ya kijeshi, wakamhukumu kifungo cha miaka 20, na kumsafirisha kwa meli hadi gerezani Ufaransa. Jeshi lao liliteremka Majunga, bandari ya kaskazini-magharibi ambayo mabaharia wa Komoro na wa pwani yetu waliijua kwa karne nyingi. Maelfu ya askari walikufa kwa homa na wachache sana kwa risasi, lakini tarehe 30 Septemba 1895 Antananarivo ilianguka. Binti wa Waller, Jennie, alikuwa na umri wa miaka 15 na alikuwa ameolewa na kijana wa kabaila aitwaye Henri Razafkeriefo, ambaye familia ilisimulia kwamba ni mpwa wa Malkia na kwamba aliuawa katika vita hivyo. Jennie alirudi Marekani akiwa mjamzito. Mwezi Desemba 1895, mjini Washington, alijifungua mtoto wa kiume. Babu alikuwa bado gerezani, akaachiwa Februari iliyofuata baada ya serikali ya Marekani kumwombea. Mtoto aliitwa Andriamanantena Paul Razafkeriefo. Jina hilo refu alilifupisha mwenyewe alipokuwa mtu mzima, likawa Andy Razaf.

Alikulia New York katika nyumba isiyo na fedha lakini yenye kumbukumbu nyingi. Babu alifariki mwaka 1907. Razaf akiwa na miaka 16 aliacha shule ili amsaidie mama, akapata kazi ya kuendesha lifti katika jengo lenye ofisi za wachapishaji wa nyimbo. Watu wa biashara hiyo na mtaa wao waliitwa Tin Pan Alley. Kabla ya redio, na kabla santuri haijaingia kila nyumba, wimbo uliuzwa ukiwa karatasi yenye nota na maneno, na mteja aliununua akaupige kwenye piano ya sebuleni. Mchapishaji aliwaajiri wapiga piano wa kuunadi wimbo kuanzia asubuhi hadi jioni. Kijana wa lifti aliwapandisha na kuwashusha watu hao wote, akisikia yaliyokuwa yakipigwa nyuma ya milango. Mwaka 1913, akiwa hajafikisha miaka 18, wimbo wake uitwao "Baltimo'" uliingizwa katika onyesho kubwa la Broadway kwenye ukumbi wa Winter Garden. Baada ya hapo ilipita zaidi ya miaka kumi kabla hajapata riziki ya kueleweka kutokana na nyimbo. Alifanya kazi za mikono, na wakati mmoja alikuwa mrusha mpira katika timu ya besiboli huko Cleveland.

Katika miaka hiyo ya kusubiri aliandika mashairi ya magazeti. Mwaka 1917 Hubert Harrison, mnadharia mkubwa wa Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, aliyezaliwa kisiwa cha Saint Croix, alianzisha gazeti la The Voice, na kijana Razaf akawa mmoja wa washairi wake. Aliandika pia katika The Crusader la Cyril Briggs na katika Negro World, gazeti la Marcus Garvey. Mashairi hayo hayana mafumbo. Yanataja kunyongwa kwa Weusi kusini mwa Marekani, yanawauliza Wamarekani Weupe kwa nini askari Mweusi apiganie demokrasia Ulaya huku nyumbani akinyimwa, na yanawaonya.

Gazeti la Negro World lilifika hadi kwetu, ingawa serikali za kikoloni zililipiga marufuku. C. L. R. James ameandika kwamba Jomo Kenyatta alimsimulia habari za Wakenya wa mwaka 1921 ambao hawakujua kusoma. Walikuwa wakimzunguka msomaji mmoja wa gazeti hilo, wanasikiliza makala mara mbili tatu mpaka wameihifadhi, kisha wanatawanyika njia mbalimbali msituni kwenda kuwasimulia wengine. Siwezi kusema kwamba shairi la Razaf lilipita msituni kwa miguu namna hiyo. Ninachosema ni kwamba gazeti lililomlea lilikuwa gazeti la watu waliokuwa tayari kukimbia na maneno vichwani mwao.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Wanaomheshimu Razaf humgawa mara mbili: yupo mshairi wa ukombozi wa magazetini, na yupo mfanyabiashara wa nyimbo za kumbi za starehe. Humsifu wa kwanza na kumwonea huruma wa pili, kana kwamba maisha yalimlazimisha kuuza kipawa. Mimi nimesoma mashairi yale na nimezisikiliza nyimbo zile kwa miaka mingi, na hukumu yangu ni kinyume chake. Mashairi yana ujasiri, lakini lugha yake ni ya kuazima. Ni Kiingereza cha vitabu vya shule, chenye miito na maswali ya jukwaani ambayo mtu yeyote mwenye hasira na elimu ya wakati ule angeweza kuyaandika. Nyimbo ndizo zilizomfanya aandike kama yeye mwenyewe. Kazi yake ya kusema kweli juu ya watu wake ilikomaa pale alipoacha kuhutubia, akaanza kuwaandikia wafagizi, wapishi na wapenzi waliochoka.

Sababu iko ndani ya ufundi wenyewe. Katika taarab yetu ya zamani, shairi hutangulia. Mtunzi hupanga mizani na vina vyake, halafu mwimbaji na wapigaji hulitafutia tuni, na ndiyo maana shairi moja huweza kuimbwa kwa tuni mbili tofauti. Harlem ya miaka ya 1920 ilikuwa aghalabu kinyume. Mpiga piano huja na tuni iliyokwisha, naye mtunzi wa maneno hupewa idadi ya silabi, mahali pa kuvuta pumzi, na mahali sauti inapopanda. Anashona nguo juu ya mwili uliokwisha kupimwa na mtu mwingine. Kiingereza kinaongeza ugumu mmoja. Sisi tunajua kwamba mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kwa Kiingereza mkazo hukaa popote, na neno lililokazwa pasipo pake kwenye tuni husikika kama kosa la mgeni. Mtunzi anayebanwa hivyo hana nafasi ya maneno makubwa ya vitabuni. Maneno yanayoingia kwa urahisi katika tuni ya jazi ni yale mafupi ambayo watu huyasema jikoni, barabarani na kitandani. Razaf alipolazimishwa kuyatumia hayo ndipo sauti yake ilipotoka.

Aliyempa tuni nyingi zaidi alikuwa Thomas Waller, aliyejulikana kama Fats kwa unene wake. Tusichanganye: hakuwa na undugu na yule babu wa Madagaska. Alizaliwa mwaka 1904, kinanda alianza kukipiga kanisani, na akiwa bado kijana alikuwa mpiga ogani wa ukumbi wa Lincoln huko Harlem. Razaf alikuwa mtu wa nidhamu, mwandishi wa kila siku. Waller alikuwa bahari ya tuni na ya chakula, na kumpata akae kitako ilikuwa kazi. Razaf alisimulia kwamba mwaka 1929, walipotakiwa kutunga nyimbo za onyesho la ukumbi wa Connie's Inn, alimchukua mwenzake hadi kwa mama yake, mji wa pwani wa Asbury Park, ili mapishi ya mama yamzuie kuondoka. Kwa hiyo Jennie, yule binti wa miaka 15 aliyekimbia Madagaska, ndiye aliyewapikia. Waller aliondoka hata hivyo kabla kazi haijaisha, na sehemu iliyobaki ilimalizwa kwa simu. Wimbo uliomalizwa hivyo ni "Honeysuckle Rose". Mwanamume anamsifu mpenzi wake kwa utamu wa maua na nyuki, na kwa kikombe kisichohitaji sukari kwa sababu yeye ameshakigusa.

Mwaka huohuo wakatunga "Ain't Misbehavin'" kwa ajili ya onyesho la Hot Chocolates. Kwa maelezo ya Razaf, iliwachukua dakika 45. Nataka mwangalie jinsi ulivyojengwa. Kiini chake kina sehemu nne zenye urefu sawa. Ya kwanza, ya pili na ya nne zina tuni moja, na ya tatu inageuka. Mtu anayeimba anamwambia mpenzi aliye mbali kwamba ametulia. Hana wa kuzungumza naye, harandi na mtu, anarudi nyumbani mapema, anakaa na redio yake. Redio! Utangazaji wa kawaida ulikuwa na umri wa miaka tisa tu Marekani, na tayari Razaf amekiona kifaa hicho kuwa ndicho mwenzi wa mtu mpweke wa mjini. Katika sehemu ya tatu anajilinganisha na mtoto wa wimbo wa watoto aliyekaa pembeni. Hakuna sitiari nzito hata moja. Kuna mtu mmoja ndani ya chumba, kuna uaminifu, na kuna tabasamu kidogo linalotufanya tusiwe na hakika sana kwamba uaminifu huo ni mwepesi kwake. Kuandika sentensi za kawaida namna hiyo, zikae juu ya tuni bila neno moja kulalia upande, ni usanii wa daraja la juu.

Alikuwa pia bingwa wa mafumbo, na hapo msikilizaji wa taarab hahitaji kufundishwa. "My Handy Man", aliotunga kwa ajili ya Ethel Waters mwaka 1928, na "Kitchen Man", aliourekodi Bessie Smith mwaka 1929, ni nyimbo za mwanamke anayemsifu mtumishi wa nyumba kwa ustadi wake wa kazi za nyumbani na mapishi. Kila chombo na kila chakula kina maana ya chumbani. Wapo wahakiki wanaozipita haraka nyimbo hizi kwa aibu. Nionavyo mimi, zina jambo la kuheshimiwa: mwanamke Mweusi ndiye anayesema anachokitaka, kwa akili na kwa furaha, na anayeimba anamwamini msikilizaji kwamba ataelewa. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kwanza za Kiswahili za mwanamke wa Zanzibar, walibeba fani hiyohiyo, ingawa hawakuwa na habari za Harlem, wala Harlem haikuwa na habari zao.

Wimbo wake ninaoupenda kuliko zote ni wa mwaka 1930, tuni ya James P. Johnson: mpagazi wa hoteli anamwimbia mapenzi mfanyakazi wa kutandika vitanda. Ulitungwa kwa ajili ya onyesho la ukumbi wa Smalls Paradise lililopewa jina la watu wa jikoni. Katika Harlem ya siku hizo, watumishi wa majumbani walipata mapumziko yao Alhamisi, na usiku wa Alhamisi kumbi zilijaa wapishi, mayaya na madobi waliovaa vizuri. Razaf aliwaandikia hao. Mpagazi hamwahidi mwanamke dhahabu wala kasri. Vifaa vyao vya kazi, kama ufagio na dekio, ndivyo vinavyogeuka kuwa lugha ya mapenzi yao. Mtu anaweza kulia akiusikia, kwa jinsi usivyowacheka watu wale hata kidogo, wakati ambapo karibu kila onyesho la Marekani lilimweka mtumishi Mweusi jukwaani ili achekwe.

Hilo la kuchekwa ndilo linalotufikisha kwenye wimbo mzito kuliko zote. Connie's Inn ilikuwa Harlem, Barabara ya Saba na Mtaa wa 131. Wacheza na wapigaji walikuwa Weusi, wateja walikuwa Weupe, na sehemu ya fedha za Hot Chocolates ilitoka kwa Dutch Schultz, jambazi wa biashara ya pombe haramu. Razaf alisimulia kwamba Schultz alimtaka aongeze wimbo wa kuchekesha: msichana Mweusi sana alalamike jinsi ilivyo shida kuwa Mweusi. Razaf alikataa. Schultz, kwa masimulizi hayo, alimbana ukutani kwa bastola. Razaf akaenda na Waller na mwenzao Harry Brooks, wakatoa "(What Did I Do to Be So) Black and Blue".

Fikirini kazi iliyokuwa mbele yake. Ameamriwa kuandika kicheko juu ya ngozi ya watu wake, na mwenye amri atakuwa ukumbini usiku wa kwanza. Akaanza kama alivyoagizwa. Utangulizi wa wimbo unamweka mwanamke peke yake kitandani baridi, akilalamika kwamba wanaume wanawapenda wenye rangi ya kung'aa kumpita yeye. Huo ndio uchungu wa ndani ya jamii yenyewe, ule wa weusi wa ngozi kupangiwa madaraja, ambao sisi pia tunaujua na tunaununulia krimu madukani. Wasikilizaji walicheka hapo mwanzoni, alivyosema Razaf. Kisha wimbo unaingia katika kiini chake, na malalamiko ya mwanamke mmoja yanapanuka mstari baada ya mstari mpaka yanakuwa swali la kabila zima: kosa langu ni lipi? Kicheko kilikatika. Edith Wilson, aliyekuwa akiimba kitandani juu ya jukwaa, alipomaliza watu walisimama kumshangilia, na Schultz akampiga Razaf bega, akaenda zake.

Hot Chocolates ilihamia ukumbi wa Hudson wa Broadway tarehe 20 Juni 1929 na kuonyeshwa mara 219. Louis Armstrong alikuwa ndani ya bendi, akipiga na kuimba "Ain't Misbehavin'" kati ya sehemu mbili za onyesho, na hapo ndipo New York ilipomtambua. Mwezi Julai aliurekodi wimbo huo na siku chache baadaye akarekodi "Black and Blue". Alifanya jambo moja kubwa: aliuacha utangulizi. Mwanamke wa kitandani akatoweka, na swali la kiini likabaki peke yake, bila kisa cha mapenzi cha kulifunika. Wengi husema Armstrong ndiye aliyeufanya uwe wimbo wa kupinga ubaguzi. Naheshimu alichokifanya kwa tarumbeta yake, lakini hakuongeza swali lolote. Swali lilikuwa limeandikwa na Razaf, limefichwa mahali ambapo jambazi hangeweza kuliona hadi liwe limekwisha kuimbwa.

Riwaya ya Ralph Ellison, Invisible Man, ya mwaka 1952, inaanza na mtu anayeishi chini ya ardhi na gramafoni moja, akitamani ziwe tano ili ausikie wimbo huu mara tano kwa wakati mmoja. Anampenda Armstrong kwa kuugeuza kutokuonekana kuwa ushairi. Razaf hatajwi. Katika riwaya kuhusu mtu asiyeonekana, mshairi wa wimbo ule haonekani. Mwaka 1956 Armstrong alifika Accra, na mbele ya Kwame Nkrumah, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi iliyobakiza miezi kupata uhuru, akaupiga wimbo huu kwa heshima yake. Walioiona filamu ya ziara ile wanasema Nkrumah alilengwa na machozi. Miaka minne baadaye Armstrong alipita Léopoldville, Elisabethville na Nairobi. Mwandishi wa maneno alikuwa Los Angeles, kwenye kiti cha magurudumu.

Niseme kidogo juu ya fedha, maana bila hizo hatutaelewa kwa nini jina lilipotea. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilimpa mmiliki wa wimbo senti mbili kwa kila santuri. Anayestahili senti hizo ni yule aliyeshika hati, na watunzi Weusi wa Harlem, wenye kodi ya nyumba ya kulipa wiki hiyo, mara nyingi waliuza hati kwa mkupuo. Mwezi Julai 1929, nyimbo zikiwa ndiyo kwanza zinavuma, Waller aliuza haki zake katika nyimbo zipatazo 20, "Ain't Misbehavin'" ikiwa mojawapo, kwa dola 500 kwa mchapishaji Irving Mills. Razaf alikuwa mwangalifu kuliko mwenzake, lakini naye alifanya kazi ndani ya soko hilohilo. Kitu kimoja kiliwasaidia watunzi walioishi muda mrefu: hakimiliki ilidumu miaka 28, kisha mtunzi akiwa hai aliweza kuidai upya. Waller hakufika huko. Alifariki ndani ya treni huko Kansas City mwezi Desemba 1943, akiwa na miaka 39.

Enzi ya bendi kubwa ilimletea Razaf kazi ya aina nyingine: kuandika maneno kwa tuni ambazo tayari zilikuwa maarufu. "Stompin' at the Savoy" ya Edgar Sampson ni mojawapo. "In the Mood" ya Joe Garland ni nyingine, na santuri ya Glenn Miller ya mwaka 1939 ilipigwa kila mahali duniani, hadi kambi za askari wa vita, bila kuimbwa neno lake hata moja. Alishirikiana pia na Eubie Blake, mzee wa Baltimore. Walitoa "Memories of You" mwaka 1930, wimbo wa mapenzi uliotulia ambao waimbaji hawajauacha mpaka leo, na mwaka 1941 "We Are Americans Too", ambamo yule kijana wa The Voice anasikika tena. Ziko nyimbo zake ambazo sizitetei, zile za kuusifu Kusini kama soko lilivyotaka. Watunzi Weupe wa rika lake waliitwa Hollywood wakaandikie filamu. Razaf alihamia Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1940, na mlango ule haukumfungukia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 maradhi yalimpooza miguu. Aliishi hivyo zaidi ya miaka 20, akiandika safu na mashairi kwa magazeti ya Weusi akiwa kitandani au kwenye kiti chake, mkali kuliko alivyokuwa ujanani. Mwaka 1972 aliingizwa katika orodha ya heshima ya watunzi wa nyimbo wa Marekani. Tarehe 3 Februari 1973 alifariki, akiwa na miaka 77. Miaka mitano baadaye Broadway ilijaza ukumbi kwa onyesho lililopewa jina la wimbo wake, likashinda tuzo ya Tony, na likaitwa onyesho la Fats Waller.

Mke wake mmoja, Jean Blackwell, aliyeishi naye tangu 1939 hadi walipoachana miaka ya 1940, alikuwa mkutubi. Baadaye aliongoza hazina ya Schomburg huko Harlem kwa zaidi ya miaka 30 na kuifanya kuwa mojawapo ya makumbusho makubwa ya maandishi ya watu Weusi duniani. Karatasi za Razaf ziko humo. Barry Singer alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1992, na nawasihi vijana wa fasihi wakisome.

Tangu tarehe 1 Januari 2025 maneno na tuni za nyimbo zilizochapishwa mwaka 1929 hazina tena mwenye kudai malipo nchini Marekani. Ningependa sana mtu azilete katika Kiswahili, aimbe mwenye koo la taarab au la dansi. "Ain't Misbehavin'" haitamsumbua mfasiri hodari. Sehemu zake nne zitakubali mpangilio wetu, na redio tunayo. Kazi itakuwa kwenye "Black and Blue". Ndani yake kuna mahali ambapo anayeimba anajitetea kwa kusema kwamba ngozi yake ni nyeusi lakini ndani yeye ni mweupe. Mstari huo umewaudhi wasikilizaji wengi, nami unaniuma kila ninapoufikia. Armstrong katika miaka ya 1960 alikuwa akilibadilisha neno hilo moja jukwaani, ili aseme kwamba ndani yeye yuko sawasawa. Mimi, kama ningekuwa mfasiri, ningeuandika kama Razaf alivyouandika mwaka 1929 mbele ya ukumbi ule na mtu yule, kwa kuwa unaonyesha hasa mtu aliyebanwa alilazimika kusema nini ili asikilizwe. Kisha pembeni ningeweka neno la Armstrong, na mwimbaji achague.